Gia ya tatu peke yake: uchambuzi wa gari lililobadilishwa gia boksi iliyokuwa nzima

Gari ni dogo la Kijapani, injini ya cc 1,500, otomatiki ya gia nne, linafanya kazi ya teksi mtandao Dar es Salaam. Malalamiko yake kila gereji ya mjini inayajua: likiondoka kwenye mataa ni zito kama limevutwa hendibreki, mlima wa Kimara linaupanda kwa kulia, ukitoa nyutro kwenda D linapiga kishindo, na taa ya O/D OFF (O/D ni ovadraivu, gia ya juu kabisa) kwenye dashibodi inapepesa bila kukoma. Kwenye gereji ya kwanza hukumu ilitoka hata boneti haijafunguliwa: gia boksi imekufa. Tajiri wa gari, mzee mstaafu anayeishi kwa hesabu ya kila wiki, akatoa zaidi ya laki nane. Gia boksi ya mtumba ikanunuliwa eneo la Gerezani, mjini, ikafungwa, gari likatembea vizuri siku chache. Kisha, katikati ya foleni ya Ubungo, taa ikaanza kupepesa tena na uzito ukarudi uleule.

Hapo ndipo gari lilipofika kwangu. Mimi ni fundi umeme wa magari, si fundi wa gia boksi, na kisa hiki nakiandika kirefu kwa sababu ninaona pesa za watu zikipotea kwa njia hii kila masika. Gia boksi mbili tofauti, moja iliyozeeka na gari na nyingine iliyotoka melini, haziwezi kuugua ugonjwa mmoja wenye dalili zilezile ndani ya mwezi mmoja. Ikitokea hivyo, tafuta kitu ambacho hakikubadilishwa.

Dereva ni kijana wa ishirini na kitu. Baada ya shikamoo na marahaba nilimuuliza swali moja kabla ya yote.

"Ukizima gari ukawasha tena, inakuwaje?"

"Inakaa sawa, fundi. Inabadili gia zote, hata ovadraivu inaingia. Ila ikishapata joto, nikikanyaga mafuta kutoka kwenye mataa, inarudi kulekule."

"Gereji uliwaambia hivyo?"

"Hawakuniuliza."

Jibu lake lilikuwa limebeba nusu ya kazi. Pleti za klachi zikiungua, zimeungua. Haziponi kwa kuzima ufunguo. Pampu ya oili iliyolika haiwi mpya ukiwasha upya. Kinachofutika kwa kuzima ufunguo ni uamuzi, na kwenye gari la otomatiki la kisasa anayetoa uamuzi ni kompyuta, ile ambayo mafundi wengi tunaiita kontroli boksi. Gari hili lilikuwa linakaa gia ya tatu kwa amri. Kazi iliyobaki ilikuwa kujua amri hiyo imetolewa kwa sababu gani.

Kwa asiyelijua boksi kwa ndani, nguvu inayobana klachi na kubadili gia ni presha ya oili, ile nyekundu tunayoiita haidroliki. Kwenye otomatiki za zamani, presha hiyo iliongozwa na oili yenyewe pamoja na kebo iliyofuata mguu wa dereva kwenye mafuta. Kwenye hizi za sasa, kompyuta inakusanya habari kwanza: mguu wa dereva umekanyaga kiasi gani, injini inazunguka kasi gani, shafti ya kuingilia kwenye gia boksi inazunguka kasi gani, magurudumu yanakwenda kasi gani, maji ya injini yana joto gani, oili ina joto gani, gia lever iko wapi, breki imekanyagwa au la. Ikishapima yote hayo inapeleka umeme kwenye selenoidi, yaani valvu ndogo za umeme zilizozama ndani ya oili, na hizo ndizo zinazofungua na kufunga njia za presha.

Gia boksi ya gari hili ina selenoidi mbili za kuwasha na kuzima zinazochagua gia. Tuziite ya kwanza na ya pili. Zote mbili zikipata umeme, gari liko gia ya kwanza. Ya kwanza ikizimwa na ya pili ikibaki, gia ya pili. Zote zikizimwa, gia ya tatu. Ya kwanza ikiwashwa peke yake, gia ya nne. Ni hivyo tu. Gia nne kwa swichi mbili. Ipo na selenoidi nyingine ya aina tofauti, isiyowashwa na kuzimwa tu bali inayopimiwa umeme kidogo kidogo, na hiyo inasimamia ukubwa wa presha yote.

Sasa fikiria waya wa selenoidi ya pili umekatika. Kompyuta inataka gia ya kwanza ili gari liondoke. Inawasha zote mbili, lakini ya pili haipati kitu. Kinachobaki ni ya kwanza peke yake, na hiyo, kama nilivyosema hapo juu, ni gia ya nne. Gari lenye abiria wanne lingejaribu kuondoka Ubungo kwa ovadraivu. Toki konvata, yaani kiungo cha oili kinachopeleka nguvu ya injini kwenye gia boksi, ingepika oili pale pale, klachi zingeteleza, na baada ya wiki moja ya foleni gia boksi ingekufa kweli.

Kompyuta hairuhusu hilo. Ikiona selenoidi ya pili haijibu, inaizima na ya kwanza pia, kwa makusudi. Zote zikiwa zimezimwa, inabaki gia ya tatu. Ndani ya gia boksi hii gia ya tatu ina uwiano wa 1, wakati ya kwanza ina takriban 2.85. Maana yake gari linaondoka likiwa na karibu theluthi moja ya nguvu linayoipata kwa kawaida kwenye magurudumu. Ndiyo maana dereva anahisi hendibreki imevutwa. Kwa nini wasichague gia ya kwanza, ambayo ingekuwa nyepesi? Kwa sababu hitilafu inaweza kutokea ukiwa kasi ya 90 barabara ya Bagamoyo, na gari likiangukia gia ya kwanza kwa kasi hiyo, injini ingezungushwa kupita uwezo wake na magurudumu ya mbele yangekamata. Gia ya tatu inavumilika ukiwa barabara kuu, na inavumilika ukiwa unatambaa kwenda gereji.

Kile kishindo cha kuingiza D nacho kina maelezo ya namna hiyohiyo. Kompyuta ikiwa kwenye hali ya kujilinda, inaacha presha ipande hadi juu kabisa. Selenoidi ya presha imetengenezwa kinyume na mtu anavyotarajia: umeme ukikosekana, presha haishuki, inapanda. Walioisanifu walitaka hivyo, kwa kuwa klachi inayobanwa kwa nguvu mno inashtua abiria tu, lakini inayobanwa kwa ulegevu inateleza na kuungua. Kwa hiyo gari linapiga. Dereva anasikia kishindo, fundi anasikia kishindo, na wote wawili wanadhani ndani kuna kitu kimevunjika, kumbe gari linabana klachi zake zisiteleze.

Ninaona huu ni usanifu wa heshima sana. Umefikiriwa na watu waliojua kwamba waya utaoza siku moja, dereva atakuwa mbali na gereji, na gia boksi ni ghali kuliko usumbufu.

Ulinzi huo una mpaka, na dereva wetu alikuwa ameuvuka. Gia ya tatu ya dharura ni ya kukufikisha gereji, si ya kufanyia kazi. Kila unapoondoka kwenye mataa kwa gia ya tatu, toki konvata inachukua tofauti kubwa kati ya injini inayozunguka na magurudumu yanayojikokota, na tofauti hiyo yote inakuwa joto ndani ya oili. Oili ya gia boksi inapenda kukaa nyuzi 80 hadi 90. Ikizidi 120 inaanza kuchakaa haraka, na mafundi wengi wanahesabu kwamba kila nyuzi 10 za ziada zinakata umri wake karibu nusu. Kijana alikuwa amefanya kazi hivyo siku kadhaa, Mbezi hadi Posta na kurudi, AC imewashwa. Nilipochomoa kijiti cha oili, oili ya boksi lililofungwa karibuni ilikuwa tayari imegeuka rangi ya chai. Haikunuka kuungua. Lilikuwa limebaki muda, lakini si mwingi.

Kupima

Mashine ya kusoma kompyuta ilitoa msimbo mmoja: P0758, yaani hitilafu ya umeme kwenye mzunguko wa selenoidi B, ambayo ndiyo ile ya pili. Misimbo hii ya herufi P na tarakimu nne ilikuja na OBD-II, mfumo wa gari kujichunguza lenyewe, uliofanywa lazima kwa magari mapya ya Marekani kuanzia mwaka 1996, na baadaye ukaenea. Tahadhari moja hapa: magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, hasa ya miaka ya mwanzo ya 2000, mengi hayazungumzi vizuri na vile visomaji vidogo vya bluetooth vya bei ya chini. Kinaweza kukuambia hakuna hitilafu, kumbe hakijaelewana na kompyuta. Gereji ya kwanza walikuwa nacho kama hicho.

Msimbo ulikuja na picha ya hali ya gari sekunde hitilafu ilipotokea. Maji nyuzi 91, kasi kilomita 14 kwa saa, mizunguko ya injini 1,650, mguu kwenye mafuta. Yaani gari limepata moto na linaondoka. Maneno ya dereva yalithibitishwa na mashine neno kwa neno, na ninasisitiza jambo hili kwa vijana ninaowafundisha: dereva anayekaa kwenye gari saa kumi na mbili kwa siku ni sensa, yaani kihisi, ambayo hakuna kiwanda kilichoiweka.

P0758 haimaanishi selenoidi imekufa. Soma vizuri: hitilafu ya umeme kwenye *mzunguko*. Mzunguko ni kontroli boksi, waya, soketi, selenoidi, na ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, ambayo kwa gari hili ni bodi yenyewe ya gia boksi. Kompyuta inapeleka volti na kuangalia kama volti zile zinafanya inavyotarajia. Zisipofanya, inajua kuna shida njiani, lakini haijui ni kilomita ya ngapi.

Nikachomoa soketi ya kontroli boksi, nikapima kutoka pale hadi kwenye gia boksi gari likiwa baridi. Selenoidi ya kwanza omu 12.9 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Ya pili 12.8. Kiwango cha selenoidi za aina hii ni omu 11 hadi 15, kwa hiyo zote mbili ni nzima. Selenoidi ya presha, ambayo inatakiwa iwe kati ya omu 5.0 na 5.6, ilisoma 5.3. Nikapima ethi kati ya gia boksi na tamino hasi ya betri wakati dereva anapiga stata: volti 0.08 tu zilizopotea, safi.

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Fundi akipata 12.8 anafunga mita, anasema waya ni mzima, selenoidi ni nzima, basi kilichobaki ni kontroli boksi au gia boksi yenyewe. Anasahau kwamba amepima gari likiwa baridi na limetulia, wakati hitilafu inatokea likiwa na moto na linavuta. Na mita ya omu inapitisha umeme mdogo sana, wakati selenoidi ya omu 12.8 kwenye betri ya volti 12 na kitu inataka karibu ampia moja nzima. Kiungo kilichooza kinaweza kupitisha kidogo na kukataa kingi.

Kwa hiyo nikatengeneza hali ileile. Gari likawashwa hadi feni ya rejeta ikazunguka mara kadhaa, likazimwa, soketi zikachomolewa pande zote mbili. Nikapitisha volti za betri kwenye waya wa selenoidi ya kwanza kutoka upande wa kontroli boksi, na upande wa gia boksi nikaweka balbu ya wati 10, ambayo inakula umeme unaokaribia ule wa selenoidi. Ikawaka nyeupe. Nikahamia waya wa selenoidi ya pili. Ikawaka nyeupe pia, na kijana akanitazama kama kusema, sasa? Injini ikikanyagiwa mafuta inainama kwenye mauntingi zake na kuvuta waya zote zinazoelekea kwenye gia boksi. Nikashika fungu la waya pale linapopita chini ya kitako cha betri, nikalivuta taratibu kuelekea upande ambao injini huinamia. Balbu ikawa ya njano, ikawa nyekundu, ikazimika. Nikaliachia. Ikawaka. Wakati ni nyekundu niliweka mita kupima volti zinazopotelea kwenye waya ule: 8 na ushee. Kwenye waya wa jirani yake, kwa balbu ileile na mvuto uleule, 0.1.

Betri ikatolewa, kitako kikafunguliwa, mpira wa waya ukapasuliwa. Ndani kulikuwa na kiungo cha zamani: mtu fulani, mwaka fulani, alikata waya ule na kuuunga kwa kuviringisha kwa vidole na kufunga solotepu nyeusi. Solotepu ilikuwa imeachia gundi. Chini yake kulikuwa na unga wa kijani na mweupe mchanganyiko, kijani cha shaba iliyooza na nyeupe ya asidi ya betri. Nyuzi za shaba zilizobaki zikigusana nilizihesabu kwa lenzi: tatu, na mbili kati yake zikakatika nilipozigusa kwa ncha ya bisibisi.

Nikamuuliza dereva kuhusu maji. Alikuwa amepita Jangwani wakati bonde la Msimbazi limefurika, maji yakafika usawa wa bampa, na gari halikuzimika, kwa hiyo akaona amesalimika. Kiungo kile kilikuwa kimeoza kwa miaka. Maji ya siku ile yalimaliza kazi.

Na sasa ile siri ya gia boksi ya mtumba kutembea vizuri siku chache inajieleza. Ili kubadilisha gia boksi, betri na kitako chake vinatolewa, na fungu la waya linasukumwa kando. Katika kusukumwa huko, nyuzi zikagusana upya. Fundi akawasha, taa ikatulia, kila mtu akaamini gia boksi ndiyo iliyotibu. Mtikisiko wa barabara ukazirudisha nyuzi zilivyokuwa. Waya ulikuwa wa gari, ukabaki na gari.

Matengenezo yenyewe sina haja ya kuyarefusha. Waya ulikatwa hadi ikaonekana shaba nyekundu pande zote mbili, kikaingizwa kipande kipya cha unene uleule, kikalehemiwa kwa risasi, kikavishwa mpira unaobana kwa joto wenye gundi ndani, na fungu zima likapewa njia nyingine mbali na kitako cha betri, na nafasi ya kutosha ili injini ikiinama lisivutwe. Waya nyingine tano zinazopita pale nilizipima kwa balbu moja moja. Zilikuwa nzima. Soketi ya gia boksi ilisafishwa na kupakwa grisi ya umeme. Oili ilibadilishwa kwa aina iliyoandikwa na mtengenezaji, na si "haidroliki yoyote nyekundu", kisha ikapimwa injini ikiwa inanguruma, oili nyuzi 70 hadi 80, baada ya kupitisha lever kwenye nafasi zote. Ukiipima baridi utaongeza kupita kiasi, na oili iliyozidi inapigwa povu na gia.

Nikafuta misimbo. Nikamwonya kijana kwamba kompyuta ilikuwa imejifunza tabia ya boksi la zamani, namna klachi zake zinavyojaa oili haraka au taratibu, na kwamba baada ya kufutwa itahitaji safari kadhaa kujifunza hili jingine. Kubadili gia kungekuwa na mshtuko mdogo mwanzoni, bila taa.

Barabarani

Tulitoka Mbezi kuelekea Kibaha, mashine ikiwa imechomekwa. Ukiitazama mashine gari likitembea unaona jinsi kompyuta inavyolilinda boksi hata siku ambayo hakuna kilichoharibika. Kila gia inapobadilika, muda wa kuwaka kwa cheche unarudishwa nyuma kidogo, nguvu ya injini inalegea kwa sehemu ya sekunde, klachi inabana, nguvu inarudi. Dereva hajui kama kuna kitu kimefanyika. Nilimwomba aivute lever kwenda L, nafasi ya gia ya chini, tukiwa kasi ya 80. Kompyuta ikasubiri kasi ishuke kwanza, ikakataa kuitesa injini. Kasi ya shafti ya kuingilia na ya kutokea zilipiga hesabu sawa kwenye kila gia, hakuna mtelezo. Boksi la Gerezani lilikuwa zuri. Aliyeliuza hakumdanganya mtu.

Lakini kijana akasema, "Fundi, ovadraivu inachelewa." Alikuwa sahihi. Tulikuwa kasi ya 80, barabara tambarare, na gari bado lipo gia ya tatu. Taa haipepesi, hakuna msimbo. Nikaangalia joto la maji: nyuzi 59, na tulikuwa tumetembea dakika ishirini.

Gari hili halikuwa na themostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate moto. Iliwahi kutolewa, kama inavyotolewa kwenye magari mengi sana ya hapa mjini, kwa hoja kwamba Dar ni joto na maji yaachwe yazunguke tu. Hoja hiyo inanikera, na nitasema wazi kwa nini. Themostati ya kawaida inafunguka kwenye nyuzi 80 na kitu. Kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto ambalo kila kitu kimepangwa kulitumia. Kompyuta ya gia boksi ikiona maji ni baridi, inaamini injini na oili bado havijapata moto, kwa hiyo inazuia ovadraivu na inazuia toki konvata isifungwe. Kiwango kinatofautiana kwa gari, mara nyingi kiko kati ya nyuzi 50 na 70. Kwenye foleni maji yanapanda yenyewe na huoni tatizo. Ukitoka barabara kuu upepo unaipooza rejeta, maji yanashuka, na gari linakaa gia ya tatu, konvata wazi, likila mafuta na kupasha oili joto. Yule aliyeitoa ili kuzuia joto ameliongeza mahali asipopaona.

Toki konvata isiyofungwa inapitisha nguvu kwa oili inayorushwa kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na daima kuna kinachopotea. Ikifungwa, klachi ndogo ndani yake inaunganisha injini na gia boksi moja kwa moja, mtelezo unaisha, joto linashuka. Kwa gari la teksi mtandao linalotembea kutwa, hilo ni suala la mafuta ya kila siku na umri wa boksi.

Themostati mpya ilifungwa kesho yake, ya nyuzi 82. Tulirudia njia ileile. Maji yalikaa 86 hadi 88. Gia ya nne iliingia kabla ya kasi ya 60, na kwenye 75, bila dereva kugusa kitu, mizunguko ikashuka kutoka 2,300 hadi takriban 2,050 na kukaa hapo: konvata imefungwa. Nilimwambia aguse breki kwa wepesi mno. Mizunguko ikapanda mara moja, kwa kuwa kompyuta ikiona breki inaifungua konvata ili injini isizimike gari likisimama. Akaachia, ikajifunga tena.

Mzee mwenye gari alikuja mwenyewe kulichukua, na swali lake la kwanza lilikuwa ninalolitarajia.

"Kwa hiyo, mwanangu, lile boksi langu la kwanza lilikuwa zima?"

Sikutaka kumjibu kwa kubahatisha. Boksi lilikuwa bado kwenye ile gereji, tukalifuata. Selenoidi ya pili ilisoma omu 12.6, na nilipoipa volti 12 ikagonga, tak, kama inavyotakiwa. Sinia ya oili ilipofunguliwa, sumaku zake zilikuwa na unga laini wa kijivu ambao gia boksi yoyote ya umri ule inakuwa nao. Hakukuwa na vipande vya chuma wala mabaki meusi ya pleti. Nikamwambia kwamba kwa nilichokipima, sikuona sababu ya kuliondoa kwenye gari.

Mzee hakupaza sauti. Aliomba tu aandikiwe. Nikamwandikia karatasi mbili, moja yake na moja ya kukaa ndani ya gari: msimbo uliosomwa na hali ya gari wakati huo, omu za kila selenoidi, volti zilizopotea kabla na baada ya kuunga waya, aina ya oili na kilomita ilipobadilishwa, na kwamba themostati ipo na isitolewe. Chini kabisa nikaweka agizo kwa gereji yoyote itakayofuata: taa ya O/D OFF ikipepesa, soma msimbo kwanza, na usifungue gia boksi kabla ya kupima waya gari likiwa na moto. Nakala yake, yenye vipimo vyote pamoja na vya boksi la zamani, aliibeba kurudi nayo kwenye ile gereji ili wakazungumze kuhusu pesa ya ufundi, na mazungumzo hayo ninapoandika bado yanaendelea.